Bamba la Noti ya Mia

Mama Dirisha, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, anadai kwamba bibi yangu alikamatwa kwenye geti la kiwanda cha kuchapa noti akiwa na tumbo la uongo. Anasema siku hiyo bibi alitembea akiyumba, mkono mmoja kiunoni, kama mjamzito wa miezi saba, na mlinzi aliyemwona asubuhi akiingia mwembamba kama ufagio akamuuliza, "Mimba hii umeipata saa ngapi?" Basi akavutwa pembeni, gauni likainuliwa, noti zikamwagika chini kama majani. Mama Dirisha hakuwepo. Wakati huo alikuwa mtoto wa kunyonya. Lakini husimulia kama mtu aliyeokota mbili tatu yeye mwenyewe.

Nilipokuwa mdogo zilikuwa noti tatu. Nilipomaliza la saba zilikuwa fungu zima. Mwaka nilioajiriwa kufanya usafi kwenye makumbusho ya uchapaji wa noti zikawa mafungu manne, na akaongeza kipande kipya pale bombani, mbele ya ndoo za watu: "Bibi aliacha alama za vidole, sasa mjukuu kaajiriwa kuzifuta."

Watu walicheka. Hata mimi ningecheka kama asingekuwa bibi yangu, maana Mama Dirisha anajua kupanga maneno. Nikajaza ndoo yangu, nikajitwisha, nikaondoka. Nyumbani nikamweleza bibi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharage.

"Mafungu manne?" akauliza. "Ananipandisha cheo huyo. Mwakani nitakuwa nimebeba mashine."

Zaidi ya hapo hakusema. Hakuwahi kusema. Mimi nilijua tu kwamba alikuwa mkaguzi kwenye meza ya ukaguzi, mmoja wa wanawake sita waliotazama kila karatasi iliyotoka mashineni kabla haijakatwa, na kwamba siku moja walimfukuza. Sababu niliisikia bombani na niliisoma kazini, na zote mbili zilimsema vibaya.

Lazima nieleze bibi anavyotazama vitu, kwa sababu bila hilo hutaelewa kilichofuata. Bibi hakukaa darasani hata siku moja. Kitu chochote chenye maandishi ukimpa, atakigeuza juu chini kwanza. Kadi ya mwaliko, risiti, kalenda, vyote juu chini. Nilipokuwa shule nilikuwa namletea ripoti yangu ya muhula, anaigeuza, anaisogeza kwenye mwanga, anapita na kidole mstari kwa mstari, kisha anasema, "Mwalimu wako ana mkono mzito hapa, na hapa amefuta akaandika tena." Mara zote alikuwa sahihi. Siku moja aligundua hesabu yangu ilikuwa arobaini na tatu ikafanywa sitini na tatu. Kalamu yangu hiyo, si ya mwalimu. Nilichapwa.

Ndivyo walivyofundishwa mezani. Msimamizi wao aliwaambia: msisome. Anayesoma anaona kile anachotegemea kukiona. Geuza karatasi juu chini, maneno yawe michoro tu, halafu tafuta mchoro usiofanana na mwenzake. Kwa kazi hiyo, asiyejua kusoma alikuwa bora kuliko aliyesoma, na bibi alikuwa bora kuliko wote.

Makumbusho yenyewe ni vyumba vitatu vya jengo la zamani la kiwanda. Kiwanda kilihamia kwingine siku nyingi, kikaacha kuta nene, madirisha ya nondo, na harufu ya wino ambayo hata rangi mpya haijaishinda. Chumba cha kwanza kina noti za zamani kwenye fremu, na kisanduku chenye taa ambapo mgeni anaweka karatasi tupu akaona alama ya maji ikijitokeza. Watoto hukipenda hicho, na ndicho ninachokifuta mara nyingi kuliko vyote, kwa sababu ya pua zao. Chumba cha pili kina mashine moja nyeusi, nzito kama ng'ombe aliyelala, na ile meza ndefu ya ukaguzi na viti vyake sita. Kiti cha tatu kutoka dirishani kina mguu uliofungwa waya. Siku nilipoajiriwa bibi alinituma: "Kaangalie kama waya wangu bado upo." Upo.

Chumba cha tatu ni cha mabamba. Ni chembamba kama korido. Bamba ni kipande cha chuma kilichochongwa kwa mkono, picha na maneno, na kila kitu juu yake kimegeuzwa, cha kushoto kimewekwa kulia, ili kikigandamizwa kwenye karatasi kitokee sawasawa. Lile la noti ya mia liko ukutani ndani ya kisanduku cha kioo, na mbele yake kuna lenzi kubwa ili wageni waone kazi ilivyo ndogo. Lina mikwaruzo miwili mirefu inayokutana katikati kama mkasi uliofunguliwa. Chini yake, ndani ya kioo hicho hicho, pana kibao:

BAMBA MAMA LA NOTI YA MIA. LILIHARIBIWA KWA MAKUSUDI NA KIBARUA WA KIKE WA MEZA YA UKAGUZI, AMBAYE ALIFUKUZWA KAZI SIKU HIYO HIYO.

Jina halikuwekwa. Halikuhitajika. Waliofanya kazi pale walilijua, na wengine Mama Dirisha aliwagawia bure.

Kibao hicho nilikifuta kila asubuhi kwa miaka miwili. Nilikifuta vizuri, na pembe zake pia. Mtu akiniona angedhani nakipenda.

Mwongozaji wa wageni ni Mzee Wino. Hilo ni jina la utani, kwa sababu kucha zake mpaka leo zina weusi usiotoka. Alistaafu pale pale kiwandani, wakamrudisha awe anawaeleza watu. Anaeleza vizuri, sauti yake ni ya redio. Akifika chumba cha tatu hupunguza sauti, akanyoosha kidole kwenye lile bamba. "Miezi minane ya kazi ya mikono. Halafu mwanamke mmoja, chuki zake tu na msimamizi, akachukua chombo chenye ncha. Krr! Krr!" Na wageni wanasema loo. Kuna siku mwanafunzi mmoja aliuliza, "Alichukia nini?" Mzee Wino akajibu, "Wanawake, mwanangu," na wanaume wote wakacheka. Mimi nilikuwa mlangoni na dekio langu. Mzee Wino alinitazama, akaangalia pembeni haraka. Nikaliweka hilo akilini. Mimi siyo mwepesi wa kusema, ila nikiweka kitu akilini hakitoki.

Sasa, kulikuwa na neno moja kwenye lile bamba ambalo nilikuwa nalipenda. Sehemu ya chini kabisa pana mstari wa herufi ndogo, na mstari wote ni fujo tupu, herufi zimegeuka hazisomeki, isipokuwa neno la mwanzo, upande wa kushoto. Hilo lilisomeka bila taabu, ingawa mkwaruzo mmoja ulipita juu yake: MIA. Kila asubuhi nilichungulia kwenye lenzi nikalisoma, kama mtu anayesalimiana na jirani. Miaka miwili nalisoma, na sikuwahi kujiuliza kwa nini lenyewe lisomeke.

Tuliambiwa bodi itakuja kuyafungua makumbusho upya baada ya ukarabati. Wakapaka rangi, wakaleta kabati jipya la kioo, wakalisimamisha mkabala na lile bamba, ndani wakalitandika kitambaa cheusi. Asubuhi moja nilikuwa nafuta lile kabati, na kioo chenye weusi nyuma yake kinageuka kuwa kioo cha kujitazama. Nikajiona. Nikaona na bamba nyuma ya bega langu. Picha ilikuwa imekaa sawa, mia ya tarakimu imekaa sawa, kila kitu kimenyooka kama noti yenyewe. Nikakumbuka nina kioo kidogo kwenye pochi, cha kutengenezea nywele. Nikafungua kisanduku kwa funguo zangu za usafi, nikashika kioo kando ya bamba, nikasoma ule mstari wa chini kupitia humo, herufi moja moja, kama mtoto wa la kwanza.

HALALI KWA MALIPO YA AIM.

Nikafuta kioo kwa upindo wa gauni, nikasoma tena. Aim. Nikatazama bamba lenyewe: MIA. Nikatazama kioo: AIM. Nikakaa chini pale pale kwenye sakafu niliyokuwa nimetoka kuidekia, gauni likalowa, na wala sikujali.

Mchana nilirudi nyumbani na karatasi. Nilikuwa nimeunakili ule mstari kwa kalamu, kama unavyosomeka kwenye kioo. Bibi alikuwa uani akianua nguo.

"Bibi, nitazamie hii."

"Mke mwenzangu leo kaniletea kazi," akasema. Ndivyo anavyoniita akiwa na furaha. Akaifuta mikono, akaichukua karatasi, akaigeuza juu chini. Kidole kikaanza kutembea. Kilipofika mwisho kikasimama. Hakukinyanyua.

"Umeitoa wapi?"

"Kwenye bamba. Kwa kioo."

Akakaa kwenye beseni la nguo, lililokuwa limepinduliwa. Halafu akacheka, kicheko kidogo cha puani.

"Kwa hiyo bado wanalo. Nilidhani walilitupa. Wamelitunza wenyewe, wapumbavu wale."

"Bibi, nini kilitokea?"

"Kilitokea hicho unachokiona. Walileta karatasi ya majaribio mezani, moja, ili tuseme tumeiona. Wakubwa wote walikuwa wameshaweka sahihi. Nikaigeuza. Kwenye noti za zamani mchoro ule wa mwisho unaanza na mabonde mawili, unaishia na paa lililopinduka. Huu ulianza na paa, ukaishia na mabonde. Nikamwita msimamizi. Nikamwambia, bwana, hapa pamegeuka. Akaniambia, wewe unajua kusoma? Nikamwambia sijui. Akasema, basi wakubwa wanane waliosoma wamekosea, wewe usiyesoma ndiye umepata? Mezani pale wote wakacheka. Kesho yake bamba lilikuwa linakwenda kunakiliwa, yatoke mabamba ya mashine. Likishanakiliwa, basi. Nchi nzima inatembea na upuuzi mfukoni."

"Ukalikwaruza."

"Wakati wa chakula. Mchongaji alikwenda kula akaacha kikwangulio chake mezani. Nilikwaruza mara mbili, ili wasije wakasema mkono uliteleza."

"Na pale getini?"

"Getini walinipekua. Nilikuwa na mimba ya miezi saba kweli, na mlinzi aliijua, tena alikuwa ananipisha kila asubuhi. Wakaniinua gauni mbele ya watu wanaotoka kazini. Walitafuta noti. Walimkuta mama yako."

Mama yangu anafanya kazi mji mwingine, na hajui kwamba ni yeye aliyekuwa mafungu manne.

"Kwa nini hukusema, bibi? Miaka yote hii, na yule mama pale dirishani..."

"Nilisema. Nilisema mara moja, kwa mtu aliyepaswa kusikia, wakati wa kusikia. Hakutaka. Sasa nianze kuzunguka na ndoo bombani nikijieleza kama mwizi? Sikukosea mimi. Aliyekosea ndiye azunguke." Akanirudishia karatasi yangu. "Mwandiko wako umekuwa mzuri. Ila hiyo H ya kwanza imelala."

Kesho yake nilimfuata Mzee Wino kwenye chumba cha mashine. Alikuwa anapaka mafuta magurudumu, ingawa mashine ile haijazunguka tangu sijazaliwa. Nikamsalimia, "Shikamoo, mzee," akaitikia. Nikamwonyesha karatasi. Hakuigeuza. Hakuhitaji.

"Nani kakupa hiyo?"

"Kioo."

"Usinijibu mkato, binti. Wewe umesoma mpaka wapi?"

"La saba."

"La saba! La saba ndilo linataka kurekebisha makumbusho?"

"La saba linajua kusoma mia, mzee."

Akaweka kopo la mafuta chini. Akatazama mlango, akanitazama mimi, na sauti yake ya redio ikazima.

"Unajua kuchonga kinyumenyume?" akasema. "Unachonga siku nzima, kila herufi unaipindua kichwani. Jioni hata jina lako unaliona limegeuka. Nilikuwa kijana, mchongaji mkuu aliniachia mstari ule mmoja tu, ili na mimi niseme nimechonga noti. Nikafika mwisho nimechoka. Na lile neno, tazama." Akachora hewani kwa kucha yake nyeusi. "M ukiigeuza ni M. I ukiigeuza ni I. A ukiigeuza ni A. Neno lingine lolote lingenipigia kelele. Hilo lilinyamaza. Nililichonga kama ninavyolisoma, na likanitazama kama halina tatizo."

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua nilipoona mikwaruzo. Alikuwa amepitisha mkwaruzo mmoja juu ya neno lenyewe. Nikajua mara moja alichokiona."

"Na ukanyamaza."

"Wakubwa wanane walikuwa wameweka sahihi! Unadhani wangeandika kwamba wamekosea? Walinambia, chonga lingine, nyamaza. Nikachonga lingine, safari hii sawa. Nikanyamaza. Noti ikatoka nzuri, kila mtu akaitumia."

"Na bibi yangu?"

Akachukua kitambaa akaanza kufuta vidole, kimoja kimoja, weusi usiotoka.

"Mwambie Mkurugenzi," nikasema. "Sitaki kingine, mzee. Umweleze kabla ya siku ya ufunguzi, abadilishe kibao."

"Nimebakiza mwaka mmoja hapa, binti. Niache nimalize kwa heshima."

"Bibi yangu alimaliza vipi?"

Akainama kwenye gurudumu lake. Nikachukua ndoo yangu nikaenda kudeki chumba cha kwanza.

Nilimpa siku nne. Nilimwona akiingia ofisini kwa Mkurugenzi mara mbili, nikajisogeza karibu na mlango na dekio langu. Mara ya kwanza alizungumzia balbu. Mara ya pili alizungumzia viti vya wageni. Siku ya tano niliingia mwenyewe. Mkurugenzi ni mama mwenye adabu, hapandishi sauti hata kidogo. Alinisikiliza mpaka mwisho akiwa na kalamu mkononi, akasema, "Ahsante kwa kuleta jambo hili. Tutaliangalia." Halafu akaniuliza kama vyoo vimekamilika.

Basi nikaona nitaliangalia mwenyewe.

Asubuhi ya ufunguzi nilifika wa kwanza, kama kawaida. Nilifungua kile kisanduku. Nikasimamisha kioo changu kidogo kando ya bamba, nikakigandisha kwa gundi ya mbao ili kisidondoke, kikatazama ule mstari wa chini moja kwa moja. Halafu juu ya kile kibao nikabandika kadi nyeupe. Nilikuwa nimeiandika usiku mzima kichwani na asubuhi kwa mkono, kwa herufi kubwa, nikihakikisha hakuna H iliyolala:

SOMA MSTARI WA CHINI KWENYE KIOO. BAMBA HILI LILICHONGWA NA KOSA. WAKUBWA WANANE HAWAKULIONA. MKAGUZI ALILIONA, AKASEMA, AKACHEKWA. AKALIKWARUZA ILI LISINAKILIWE. ALIFANYA KAZI YAKE.

Chini nikaandika jina la bibi, lake na la baba yake, yote mawili kamili. Nikafunga kisanduku. Funguo nikazitia mfukoni.

Bibi alikuja saa nne, amevaa gauni lake la bluu na viatu vya kufunga. Mama Dirisha alikuja nyuma yake, bila mwaliko, kwa sababu shughuli haiwezi kufanyika bila yeye. Mgeni wa heshima, mwenyekiti wa bodi, alikuwa bado njiani, kwa hiyo wakawaruhusu watu watangulie kutembea. Kulikuwa na walimu, wanafunzi, waliofanya kazi zamani, na jamaa mmoja mwenye kamera. Mzee Wino, amevaa tai, akawaongoza. Alama ya maji. Mashine. Bibi alipopita kwenye meza ya ukaguzi alikigusa kiti cha tatu, akautikisa mguu wenye waya kidogo, akaridhika.

Wakaingia chumba cha tatu. Mzee Wino akapunguza sauti, akanyoosha kidole. "Miezi minane ya kazi ya mikono," akaanza. "Halafu mwanamke mmoja..."

Hapo akaiona kadi. Na akamwona bibi, amesimama hatua mbili kutoka kwake, mikono imefumbatwa mbele, anamtazama kama anavyotazama karatasi.

"Halafu?" akauliza mwanafunzi mmoja.

"Mzee kasahau," mwingine akasema. "Ngoja tusome." Akasogea kwenye lenzi. "Halali kwa malipo ya... ya a-i-mu. Mwalimu, aimu ndiyo nini?"

Chumba kikalipuka kwa kicheko. Wakaanza kusukumana kwenye lenzi. Mwalimu akasoma, akavua miwani, akasoma tena. Wa kamera akapiga. Mama Dirisha akajipenyeza, akasoma kadi kwa sauti, polepole, mpaka akafika kwenye jina. Akageuka.

"Hee! Si wewe huyu?"

"Ndiye," bibi akasema.

"Basi zile noti za tumboni..."

"Noti ya tumboni ni mama wa huyu," bibi akasema, akaniashiria kwa kidevu. "Unaijua. Mmecheza wote kombolela."

Nimekaa jirani na Mama Dirisha maisha yangu yote, na ile ndiyo mara ya kwanza nilimwona ametafuta neno akalikosa.

Mkurugenzi aliingia kwa sababu ya kelele. Akaona kadi, akaona kioo, akaona kamera. Uso wake haukubadilika, ila alikuja kusimama karibu sana na Mzee Wino.

"Mzee, hii ni nini? Ni kweli?"

Watu wakasogea ili wasikie. Mzee Wino alikuwa ameinama kwenye lenzi. Hakuinuka. Kucha yake nyeusi ilikuwa inatembea juu ya kioo cha kisanduku, taratibu.

"M ukiigeuza ni M," akasema, kama anaongea na bamba. "I ukiigeuza ni I." Akaishia hapo, bega limeegemea ukuta, na hakuna aliyeweza kumtoa pale.

Nje gari liliingia getini. Mkurugenzi alilisikia. Akanifuata mimi, akanishika kiwiko kwa upole, akanisogeza kando.

"Binti, nakuelewa kabisa," akasema kwa sauti ya chini. "Lakini leo siyo siku yake. Mwenyekiti anaingia sasa hivi. Toa hicho kioo."

"Kipi, Mkurugenzi? Vipo viwili."

"Unajua ninachosema. Toa kioo, toa na kadi. Jumatatu uje ofisini, tukae, tuandike vizuri, kitaalamu."

"Kitaalamu kiliandikwa zamani," nikasema. "Ndicho kile kilicho chini ya kadi."

Akavuta pumzi. Milango ya gari ilikuwa inafungwa. "Unaipenda kazi yako?"

"Naipenda. Ndiyo maana."

Bibi alikuwa amefika mbele ya kisanduku. Watu walimpisha wenyewe, bila kuombwa. Kadi haikuweza kugeuzwa, ilikuwa ndani ya kioo, kwa hiyo bibi aligeuka yeye. Akainama, kichwa kikaenda pembeni, kikazidi kwenda, mpaka akawa anaitazama karibu juu chini, mkono mmoja kiunoni, gauni la bluu limebana mgongoni. Kidole chake kikapita mstari wa kwanza. Wa pili. Kilipofika kwenye jina kikapunguza mwendo, kikapita herufi moja moja, zote, mpaka ya mwisho.

Akanyooka, akakamata kiuno.

"Haina kosa," akasema. "Ipite."

Viatu vilikuwa vinasikika kwenye korido sasa, na sauti ya mtu aliyezoea kucheka peke yake. Mkurugenzi akanyoosha mkono, kiganja juu. Nilimwonea huruma, nasema kweli.

"Funguo, binti. Tafadhali. Nakuomba."

Nikatoa kitambaa changu mfukoni. Nikapulizia kisanduku, pale pua za watoto zilipoacha alama, nikaanza kukifuta, kutoka juu kushuka chini, na pembe zake pia.